Kumbukumbu ya Bwisha

Katika filamu ya Total Recall, ya mwaka 1990, mtu hugundua kwamba maisha anayoyakumbuka alitiwa akilini na wengine. Nami fikra yangu huenda Rutshuru, mashariki mwa Kongo, ambako sheria ndiyo iliyowaamuru watu wakumbuke nini. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipoafikiana Brussels juu ya nchi ya volkano, mpaka ukapita Karisimbi na Sabinyo, na watu wa Bwisha, huko Rutshuru, wasemao Kinyarwanda katika ardhi ya mababu zao, wakajikuta chini ya Ubelgiji pasipo kuhama hata hatua moja. Sheria ya 1972 ikawapa uraia wahamiaji wa Ruanda-Urundi waliokaa Kivu kabla ya 1950; ile ya 1981 ikaubatilisha, ikidai asili ya mwaka 1885, yaani miaka 25 kabla ya mpaka wenyewe, zama zisizo na shahidi aliye hai, na shaka ikawaangukia hata wenyeji wa Bwisha. Ni dhuluma kubwa. Sheria ya 2004 ililegeza sharti hilo. Hata hivyo wazee bado huhifadhi vyeti vyao vya zamani katika mifuko ya nailoni, wakivikunjua taratibu juu ya goti, karatasi ikiwa imepasuka mikunjoni na alama ya dole gumba imefifia.