Kistari Kilichomkata Munhu

Mzee mmoja alileta kwenye steshenari yetu, jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, daftari la hadithi za Kigogo alizoziandika kwa mkono. Nikampangia kurasa, nikampa nakala ya kwanza aipitie. Akawa anasoma kwa sauti, mara akakwama.

"Mjukuu wangu, huyu *mun* ndiye nani?"

Kuangalia, kompyuta imeandika *mun-* mwisho wa mstari, *hu* imeangukia mstari wa chini. *Munhu*, yaani mtu, kakatwa vipande viwili.

Kosa lilikuwa langu: niliacha programu idhani inasoma Kiingereza. Ila kisa chenyewe kina mizizi. Enzi za herufi za risasi, fundi aliyeijua lugha alikata neno kwa sikio lake. Kompyuta haina sikio. Mwaka 1983 Franklin Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth pale Stanford, alimaliza tasnifu juu ya jambo hilihili. Badala ya kuipa mashine kamusi nzima, aliipa vipande vya herufi vilivyochomekwa tarakimu: witiri huruhusu kukata, shufwa hukataza, na iliyo kubwa hushinda. Kiingereza kilihitaji vipande 4,447, na bado takribani sehemu moja kati ya kumi ya mikato halali ilimponyoka. Programu ya Knuth, TeX, ikavitumia, na mbinu hiyo ikaenea kwingine.

Sasa tazama Kiswahili. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, hivyo kanuni moja inatosha karibu kote: kata baada ya irabu. *Ki-ta-bu. Ng'o-mbe.* Wanaosumbua ni wageni waliotoka Uarabuni, kama *daftari* na *labda*: sikio linataka *daf-tari*, kanuni inatoa *da-ftari*. Hao unawaorodhesha pembeni, basi.

Nikaijaribu kanuni hiyo kwenye daftari la mzee. *Mu-nhu. Wa-nhu.* Ile *nh* ya Kigogo, ambayo Kiswahili hakinayo, ikabaki nzima bila mimi kuongeza chochote.

Tumezoea kusema lugha zetu zinaishinda kompyuta. Kumbe kigumu ni Kiingereza, sisi tulivalishwa tu kiatu chake. Mzee aliporudi alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, na safari hii hakuniuliza *mun* ni nani.