Mipaka Inayolinda Huruma



Wapendwa katika Kristo, mwezi Februari 1145 mmonaki Mwitaliano, aliyelelewa katika monasteri ya Clairvaux nchini Ufaransa, alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Eugenio III. Alitoka katika ukimya, akaingia katika ghasia za Roma. Mashauri ya watu yaliletwa mbele yake bila kikomo, wanasheria wakibishana tangu asubuhi hadi jioni.

Abati wake wa zamani, Mtakatifu Bernardo, alimwonea huruma. Alimwandikia kitabu chenye sehemu tano kiitwacho De Consideratione, yaani Juu ya Tafakari. Humo hakumsifu kwa bidii yake, bali alimwonya. Mtu anayejitoa kwa wote pasipo kujibakizia lolote, mwanzoni huuona mzigo kuwa mzito, baadaye huuzoea, mwishowe moyo huwa mgumu, hahisi tena maumivu yake wala ya wenzake. Hatari kubwa basi si uchovu, bali kufa ganzi.

Hata hivyo, Bernardo hakumtaka aikimbie kazi. Alimshauri awaachie wengine baadhi ya mashauri, mengine ayafupishe, naye ajitengee muda wa kujitazama mbele ya Mungu. Naye alijua gharama ya kupita kiasi, kwani mifungo mikali ilikuwa imeidhoofisha afya yake. Wote wawili walifariki mwaka 1153.

Mwili nao unashuhudia hekima hiyo. Mwaka 2001 watafiti nchini Italia walichapisha matokeo ya vipimo vya watu wazima 23 waliosali Salamu Maria za Rozari kwa Kilatini. Pumzi zao zilitulia hadi takriban sita kwa dakika, na mwenendo wa moyo ukalingana nazo. Mantra za yoga zilileta matokeo kama hayo. Rozari haigeuki kuwa dawa kwa sababu hiyo. Ila tunakumbushwa kwamba tunasali tukiwa na mwili, wenye neva zinazohitaji kutulia.

Mama usiyelala kwa ajili ya wanao, katekista usiyezima simu, muuguzi wa zamu mbili: Bwana wetu alijitenga alfajiri kusali, huku watu wote wakimtafuta (Mk 1:35-37). Je, ni saa ipi ya siku yako ambayo bado haijachukuliwa na mtu? Ilinde, ili kesho umpokee mwenzako kwa moyo ulio hai.

Nawatakieni Dominika njema.