Baiolojia: Punje ya mahindi ni tunda, si mbegu tu

MWANAFUNZI wa Tongaren, Kaunti ya Bungoma, amepalilia mahindi tangu utotoni. Hata hivyo, mtihani wa KCSE ukimtaka aeleze kwa nini punje ya mahindi ni tunda, huenda akakwama, kwani nyumbani punje ni mbegu tu. Kwa anayewania nafasi ya kusomea udaktari, alama hizo si za kupoteza.

Anayedurusu na aanzie kwenye ua. Kila unywele wa hindi bichi hutoka kwenye ovari moja. Chavua ikitua juu yake na utungisho ukafanyika, ukuta wa ovari hugeuka kuwa ganda la tunda, nalo hushikamana kabisa na ganda la mbegu iliyomo ndani. Ndiyo maana punje ina makovu mawili: pale unywele ulipodondoka na pale iliposhikana na gunzi. Haragwe, lipandwalo katika shamba hilo hilo, lina kovu moja. Hilo ni mbegu.

Karatasi ya tatu, ya vitendo, ina alama 40 na mtego wake. Iodini isipogeuka bluu-nyeusi, wapo wanaoandika "hakuna mabadiliko". Kinachotakiwa ni rangi yenyewe: imebaki kahawia.