Wati 5,000 mezani? Historia fupi ya spika za kompyuta

Haya wasomaji, leo tuache programu kidogo tuzungumzie spika. Si Spika wa Bunge, bali zile mbili ndogo zinazokaa kushoto na kulia kwa kompyuta.

Ukitafuta spika za bei nafuu hapa Mombasa, uwe unakaa Likoni, Kisauni au Changamwe, utakutana na kitu kimoja karibu kila duka: boksi lenye namba kubwa. Wati 1,000. Wati 5,000. Chini yake herufi nne: PMPO. Na boksi lenyewe unalibeba kwa mkono mmoja! Sasa fikiria, pasi ya kawaida hula wati 1,000 hivi na ukizubaa inachoma shati. Je, hiki kidude cha plastiki wati 5,000 kinazipeleka wapi? Jibu limo kwenye historia, na ukiijua itakuokolea shilingi zako.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa General Electric huko Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza namna ya kutengeneza spika kwa koili ya waya iliyo kati ya sumaku. Umeme wa sauti ukipita, koili inacheza mbele na nyuma, na inasukuma koni ya karatasi. Spika nyingi unazoziona madukani leo bado zinafanya kazi hivyo hivyo. Mwaka uliofuata, 1926, kampuni ya RCA ikauza Radiola 104, spika yenye amplifaya yake ndani ya kabati lake. Kwa hiyo spika ya kuchomeka kwenye umeme si jambo jipya. Ina umri wa miaka mia hivi.

Kompyuta nazo zilichelewa kupata sauti. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kispika kimoja ndani ya kasha, kazi yake kulia "piii". Kwa sisi waandika programu, kile kilikuwa ni moja na sifuri tu: sukuma, achia. Mwaka 1989 Creative, kampuni ya Singapore (mji wa bandari kama wetu), ikatoa kadi ya Sound Blaster. Kadi nyingi za wakati ule zilikuwa na amplifaya ndogo juu yake, kwa hiyo ziliweza kuendesha spika zisizo na umeme wake. Baadaye, mwaka 1997, Intel ikatoa kanuni za AC'97, na sauti ikahamia taratibu kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Tundu la kijani nyuma ya kompyuta yako likabaki kutoa sauti dhaifu, ya kutosha kwa hedifoni. Kazi ya kukuza sauti ikaachiwa spika zenyewe. Ndiyo maana spika za mezani lazima ziwe na amplifaya ndani.

Na hapo ndipo hesabu za wati zilipopata soko jipya la kudanganya.

Nasema jipya kwa sababu mchezo ni wa zamani. Wauza amplifaya wa Marekani walikuwa wakishindana kuandika wati kubwa kubwa, kila mmoja na kipimo chake, mpaka mwaka 1974 tume ya biashara ya serikali yao, FTC, ikaweka kanuni: ukitangaza wati, zipimwe kwa njia inayojulikana na kwa nguvu inayodumu. Spika za kompyuta zilipoenea, mwaka 2000 tume hiyo ikafafanua kwamba kanuni inazihusu nazo. Mwaka 2024 ikaibana zaidi. Lakini hiyo ni sheria ya Marekani. Boksi linaloshushwa Kilindini halifungwi nayo. Na PMPO haina kipimo kilichokubaliwa na watu wote. Kila kiwanda hupiga hesabu yake na kuandika kinachopendeza.

Kwetu, Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidike nazo. Haki ni nzuri, lakini mbele ya kaunta mkaguzi ni wewe.

Basi kagua hivi. Usisome boksi, soma adapta. Nguvu haiumbwi ndani ya spika. Inaingia kwa waya. Adapta ikiandikwa volti 9, ampea 1, zidisha: wati 9. Spika hizo haziwezi kutoa zaidi ya wati 9 kwa mfululizo, hata boksi liape. Zinazokula umeme wa USB ni rahisi zaidi: tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. Kama waya wa umeme unaingia moja kwa moja bila adapta, geuza spika uangalie kibandiko cha nyuma. Wati zilizoandikwa karibu na "240V" ndizo za kweli kuliko zile za mbele.

Utauliza, wati 9 zitatosha nini? Zitatosha. Spika ndogo nyingi hutoa desibeli 80 hadi 85 kwa wati 1 tu ukikaa mita 1 mbele yake, na mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Tena, ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada, na sikio linaona tofauti ndogo. Kwa mtu aliyekaa mezani, wati 5 safi zina faida kuliko wati 50 za kukwaruza.

Jambo la pili ni masikio yetu wenyewe. Mombasa ni mji wa kusikiliza maneno. Duka la Assanand & Sons lilitoa sahani za taarabu kwa lebo ya Mzuri, na kaseti za Mbwana Radio Service zikapeleka sauti za Juma Bhalo na Maulidi Juma majumbani. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zikafika pwani yetu, na nyimbo zile zile sasa zinachezwa kwenye kompyuta. Taarabu ni mashairi. Neno likimezwa na besi, umepoteza wimbo. Na wengi wetu tumepanga vyumba katika nyumba za Kiswahili, ukuta mmoja na jirani. Besi ya wufa hupenya ukuta huo kabla ya maneno. Kwa meza ndogo, spika mbili za kawaida zinatosha bila wufa.

Kabla ya kulipa, jaribu hapo hapo dukani. Cheza wimbo unaoujua kwa moyo kutoka kwenye simu yako. Zima wimbo, ongeza sauti mpaka mwisho, sikiliza: mvumo mkubwa ni dalili mbaya. Zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza kikiwa kipya, kwa hewa yetu ya chumvi hakitapona. Kama ni za mtumba, angalia kutu kwenye skrubu na ukingo wa koni kama umepasuka. Fanya yote haya kabla ya kuvuka, maana ukigundua ubovu umeshafika Likoni, kurudisha ni foleni ya feri tena.

Muuzaji akikuambia wati 5,000, muombe kwa heshima akuonyeshe adapta.