Safu ya lugha: Kivinjari kilichojificha

Kuvinjari ni kuzunguka huku na huko ukichungulia na kupeleleza. Kutokana na kitenzi hicho tumepata kivinjari, programu ya kufungulia kurasa za intaneti: Chrome, Firefox, Edge. Ni neno zuri, nami nalitetea mbele ya wote wanaosema "brauza".

Lakini wengi hudhani kivinjari ni kile tu kinachojulikana kwa jina hilo. Slack, Discord na Visual Studio Code husakinishwa kwenye kompyuta na kuonekana kama programu zinazojitegemea. Ndani yake ni kurasa za wavuti zinazoendeshwa na Electron, mfumo ulioanzia GitHub mwaka 2013 kwa jina la Atom Shell. Kila moja hubeba nakala yake ya Chromium, kiini kilekile cha Chrome. Ukifungua zote tatu, umefungua vivinjari vitatu, kila kimoja kikila kumbukumbu yake.

Katika steshenari ya Nyegezi, Mwanza, yenye kompyuta ya mtumba ya RAM GB 4, jambo hili si dogo. Mwanafunzi anasubiri kuchapishiwa ripoti yake, feni inavuma, kiduara kinazunguka kwenye skrini, na lawama zote anaangushiwa mwenye duka. Watengenezaji wa programu hizi wana sababu yao: wanaandika msimbo mmoja kwa Windows, Mac na Linux. Nafuu wanayoipata wao inalipwa na mwenye mashine dhaifu na bando dogo.

Napendekeza programu za aina hii tuziite programu-kivinjari, na muuza kompyuta amweleze mnunuzi hivyo kabla hajalipa.