Maktaba ya matope chini ya Oldoinyo Lengai

Leo tuache siasa kidogo, twende kaskazini, kusini mwa Ziwa Natron.

Vyombo vya habari huukumbuka mlima Oldoinyo Lengai siku ukilipuka tu. Ndivyo ilivyokuwa 2007, majivu yalipofunika malisho na wafugaji wakahama na mifugo yao. Majivu yakitulia, na sisi waandishi tunafunga madaftari. Mimi nasema hapo ndipo historia inapoanza kuandikwa, na mwandishi wake ni maji.

Mlima huu, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ndio volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya magadi wakati wetu huu. Lava hiyo hutoka nyeusi, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Mlima ukilipuka kwa nguvu, hurusha majivu, nayo hayakai yalipoangukia. Mvua ikinyesha huyasomba pamoja na mawe na mchanga, yanashuka na makorongo kama uji mzito, kisha yanatandazwa bondeni. Tabaka juu ya tabaka. Wataalamu wa miamba huyaita mashapo.

Sasa ona kilichotokea Engare Sero. Zamani matope ya namna hiyo yalishuka yakatanda karibu na ziwa. Watu wakapita juu yake yakiwa bado mabichi. Yakakauka upesi, pengine kwa saa au siku chache, halafu matope mengine yakaja yakafunika. Mkazi wa hapo ndiye aliyeziona nyayo kwanza, na mwaka 2009 wanasayansi wakaanza kuzichunguza. Zimehesabiwa zaidi ya 400!

Nyayo hizo ni za lini? Hapa pana mtego. Matope yaliyosombwa hubeba fuwele za milipuko mbalimbali, mipya na ya kale. Ukipima fuwele kongwe, utapata umri wa mlipuko wake, si wa siku watu walipopita. Mwanzoni zilitajwa kuwa na miaka kama 120,000. Uchunguzi uliotolewa 2016 ukatafuta fuwele changa zaidi. Jibu likawa kwamba ni kati ya miaka 19,000 na 5,760 hivi iliyopita. Basi ni watu kama sisi kabisa.

Na walikuwa akina nani? Ripoti ya 2020 inasema 17 kati yao walitembea pamoja kuelekea kusini-magharibi: wanawake wazima 14, wanaume wazima wawili na kijana mmoja wa kiume. Watafiti wanadhani huenda wanawake walikuwa wakitafuta chakula pamoja, kama wanavyofanya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hadi leo, na wanaume wale wakiwasindikiza. Historia tuliyosomeshwa shuleni imejaa majina ya wafalme na wapelelezi. Hii hapa ni historia ya akina mama na riziki yao, bila jina hata moja.

Kinachonikera ni hiki. Nyayo zilionekana kwa sababu maji na upepo viliondoa tabaka la juu. Maji hayo hayo yaliyoziandika sasa yanazifuta. Kule Laetoli, nyayo za miaka milioni 3.66, zilizopatikana 1978, zilifukiwa tena miaka ya 1990 ili zisiharibike. Kila nchi hujenga majengo ya kutunza nyaraka zake, yenye walinzi na kufuli. Nyaraka hizi ziko nje, juani na mvuani.

Ukijaliwa kufika Natron kupiga picha za flamingo, tembelea na hapo ukiwa na mwenyeji. Tazama, uliza, ila usikanyage. Na ukirudi, wasimulie watoto kwamba akina mama 14 walipita pale kabla yetu.