Darubini iliyokufa barafu ilipoisha

Kila chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, hata darubini yenyewe. Usipoigandisha, itajiona yenyewe badala ya gesi za angani. Ndiyo maana CLAES, iliyorushwa na setilaiti ya UARS ya Marekani Septemba 1991, ilibeba neoni na kaboni dayoksaidi zilizogandishwa. Ilipima gesi za klorini zinazohusika na kuharibika kwa ozoni, pamoja na ukungu wa volkano ya Pinatubo. Mei 1993 neoni ikaisha, kazi ikakoma. Miaka ya kujenga, miezi 20 ya kutazama! HIRDLS ya 2004 ikapewa friji ya mashine kupooza vihisi vyake. Safari hii utando wa plastiki ukaziba sehemu kubwa ya tundu lake.